Kwa Nini Mwingereza Alikishika Kisiwa cha Kilwa

Mji wa Kilwa uko ufukoni mwa Ziwa Mweru, katika teritwari ya Pweto, Haut-Katanga. Mbele yake, mwendo mfupi wa mtumbwi, kuna kisiwa chenye jina hilohilo. Msomaji wa pwani asichanganye: hii si Kilwa Kisiwani ya Tanzania, ni Kilwa ya ziwani, bara kabisa, katikati ya nchi ya Waluunda na Wabemba. Kisiwa hicho kimeegemea upande wa Kongo, lakini si cha Kongo. Ni cha Zambia, ingawa mtu anayetoka Nchelenge, upande wa Zambia, huvuka maji mapana zaidi kukifikia kuliko mvuvi wa mji wa Kilwa. Mpaka ulioachwa na wakoloni umepita kati ya mji na kisiwa chake, mahali ambapo hata mtoto angesema haukustahili kupita. Kwa nini Uingereza, iliyokuwa na ardhi tele kusini mwa Afrika, iliona umuhimu wa kushika kipande kidogo hivyo cha nchi kavu mlangoni mwa jirani yake? Jibu jepesi, linalosikika hapa Kasapa kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi kama linavyosikika kwingineko, ni kwamba Wazungu walichora mistari kwa rula bila kujua walichokigawa. Kwa mipaka mingi jibu hilo ni la kweli. Kwa Kilwa si la kweli, na kutokuwa kwake la kweli kunafundisha jambo kubwa zaidi kuhusu namna dola zilivyofikiri.

Mstari wenyewe ulizaliwa Brussels tarehe 12 Mei 1894, katika mkataba kati ya Uingereza na Dola Huru la Kongo, lile dola ambalo Mfalme Leopold wa Pili alilitawala kama mali yake binafsi. Upande wa Uingereza alisaini Francis Plunkett, mjumbe wake Brussels. Upande wa Leopold alisaini Edmond van Eetvelde. Ukiusoma mkataba huo polepole, utaona jinsi sehemu inayotuhusu ilivyopangwa. Mpaka unaanza kwenye rasi ya Akalunga, Ziwa Tanganyika, unakwenda moja kwa moja hadi pale mto unapotoka Ziwa Mweru, karibu na Pweto. Kutoka hapo unakatiza ziwa moja kwa moja kuelekea pale Luapula inapoingia, upande wa kusini. Halafu linakuja sharti: mstari huo upindishwe kusini mwa ziwa ili kisiwa cha Kilwa kiwe cha Uingereza. Baada ya hapo mpaka unafuata mkondo wa Luapula kupanda hadi Bangweulu, kisha unashuka kusini hadi kwenye mgawanyiko wa maji ya Kongo na Zambezi. Ni mamia ya kilomita za mito, maziwa na misitu, na katika urefu wote huo kisiwa kimoja tu kimetajwa kwa jina, na mstari ukakunjwa kwa ajili yake. Anayechora ovyo hakunji mstari. Anayeukunja anajua anachokitaka.

Ili kuelewa alichokitaka, lazima turudi nyuma miaka minne. Mwaka 1890 Katanga ilikuwa bado ya Msiri, mtawala wa Wayeke aliyekaa Bunkeya, na habari za shaba yake zilikuwa zimekwisha kufika Ulaya. Cecil Rhodes na kampuni yake ya British South Africa Company waliitaka nchi hiyo. Leopold naye aliitaka. Novemba 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika Bunkeya akiwa na karatasi ya mkataba. Njiani alikuwa amepata saini ya mtawala Mwata Kazembe, upande wa mashariki wa Luapula, lakini Msiri, alipofasiriwa maneno ya ile karatasi na wamisionari waliokuwapo, alikataa. Mwaka uliofuata Leopold akatuma msafara ulioongozwa na William Stairs, na tarehe 20 Desemba 1891 afisa wa msafara huo, Omer Bodson, alimpiga Msiri risasi akamuua, naye akapigwa risasi akafa. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wamefungua kituo Chiengi, kaskazini-mashariki mwa Mweru, chini ya Richard Crawshay, na watu wa Leopold walikuwa na kituo chao Lofoi. Kwa hiyo Plunkett na van Eetvelde walipokaa mezani, suala la nchi kavu lilikuwa limekwisha kuamuliwa kwa bunduki na kwa saini za watawala: magharibi na shaba yake kwa Leopold, mashariki na nchi ya Kazembe kwa Uingereza. Kilichobaki bila mwenyewe kilikuwa maji.

Na maji hayakuwa matupu. Kisiwani Kilwa alikuwa amejikita mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejulikana kwa jina la Simba, mtu mwenye bunduki na wafuasi, adui wa Msiri, akiishi nje ya mkono wake. Hapo ndipo kisiwa kinapojieleza chenyewe. Mtawala wa ufukoni anaweza kuwa na askari maelfu, lakini bila mitumbwi ya kutosha askari hao huishia kwenye matope ya ufuko. Aliye kisiwani, kwa upande wake, huona kila chombo kinachokatiza, huifikia pwani yoyote anayoitaka, na huondoka kabla hajafuatwa. Kisiwa kidogo ziwani ni pahali ambapo mtu mwenye nguvu kidogo anaweza kumsumbua mwenye nguvu nyingi. Wazungu waliokuja Mweru katika miaka ya 1890 hawakuhitaji kuambiwa jambo hilo na wataalamu wa vita. Waliliona kwa Simba.

Hoja yangu basi ni hii. Dola ya kikoloni ilikishika kisiwa kidogo karibu na mpinzani hasa ili mpinzani asikishike. Mavuno yake, watu wake, hata bandari yake, vilikuwa mambo ya pili. Leopold angepata Kilwa, angekuwa na kituo ndani ya maji, kinachotazama ufuko wa Mwingereza, kinachoweza kupokea wafanyabiashara wa silaha na kuifikia nchi ya Kazembe bila kupita ardhi ya Mwingereza. Uingereza ikikichukua, ilimwondolea Leopold uwezo huo wote bila kulazimika kukifanyia kazi yoyote. Kwa kweli vituo vyake vikuu upande ule vilikuwa bara, Chiengi kwanza na kisha Kalungwishi. Faida ilikuwa imekamilika siku ya saini. Tofauti hii kati ya kutumia na kunyima ndiyo ambayo wengi huikosa wanaposema kwamba kisiwa fulani hakikuwa na maana kwa sababu mwenyewe hakukijengea kitu.

Pingamizi la kwanza tumeligusa: kwamba hawa watu hawakujua jiografia, na Kilwa ni ajali ya ujinga wao. Ujinga ulikuwapo, na mkataba huohuo una ushahidi wake. Sentensi zinazofuata baada ya Kilwa ndizo zilizozaa Botte de Sakania, ule mguu wa Katanga unaoingia ndani ya Zambia na kukaribia kuikata nchi hiyo vipande viwili. Waliosaini waliamua kwamba pale Luapula inapotoka Bangweulu mpaka ushuke kusini kwa mstari wa meridiani. Lakini mto ule hutoka ziwani kupitia vinamasi vikubwa, na mahali pa kutokea hapakuwa nukta ambayo mtu angeweza kuitia kidole. Matokeo yake ni kwamba mtu wa Mufulira anayekwenda Mansa kwa njia fupi hadi leo hupita ardhi ya Kongo, kutoka Mokambo hadi daraja la Chembe. Tume ya Waingereza na Wabelgiji ilikuja kuweka alama za mpaka wa mgawanyiko wa maji kuanzia mwaka 1911 hadi 1914, karibu miaka ishirini baada ya wino kukauka. Linganisha sasa sehemu hizo mbili za maandishi. Sakania ni kazi ya watu wasiojua: wamechagua nukta wasiyoiona, wakaachia meridiani iamue. Kilwa ni kazi ya watu wanaojua: wametaja jina, wakasema upande, wakaamuru mstari ufuate kisiwa badala ya kisiwa kufuata mstari. Kusema kwamba zote mbili ni ajali moja ni kukataa kusoma.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kama kisiwa kilikuwa na maana ya kijeshi, mbona Kilwa hakikuwahi kuwa ngome maarufu? Mbona hakuna vita vinavyokumbukwa juu yake? Jibu ni kwamba thamani ya kunyima haionekani mahali ambapo majirani hawakupigana. Uingereza na Ubelgiji, ambayo ilichukua Kongo mwaka 1908, zilikuwa upande mmoja katika vita vyote viwili vya dunia. Ukitaka kuona kisiwa kama Kilwa kingefanya nini katika uadui wa kweli, nenda mahali ambapo uadui ulikuja. Ziwa Kivu lina kisiwa cha Idjwi, kikubwa kuliko Kilwa mara nyingi, ambacho Rwabugiri wa Rwanda aliwahi kukitia chini ya utawala wake kabla ya kufa mwaka 1895. Katika makubaliano ya Brussels ya mwaka 1910, Ujerumani ilibaki na ufuko wa Rwanda na Kisenyi, Ubelgiji ikapata Goma na kisiwa cha Idjwi. Vita vilipoanza mwaka 1914, moja ya mambo ya kwanza ambayo Wajerumani wa Rwanda waliyafanya, mwezi Septemba, chini ya Kapteni Max Wintgens, ilikuwa kuvuka na kukiteka kisiwa hicho. Walikishika hadi mwaka 1916, na katika muda huo wote wao ndio waliokuwa na maji ya Kivu. Kikosi cha Ubelgiji kilichokuwa kisiwani hakikuwa kikubwa na hakikuwatishia kwa lolote kubwa. Walikichukua kwa sababu hawakutaka jirani awe na kiti mbele ya ufuko wao.

Mfano wa pwani ni mkali zaidi. Katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, unaokumbukwa kwa Heligoland na Zanzibar, Uingereza ilichukua ulinzi wa Unguja na Pemba, lakini kisiwa cha Mafia, kilichokuwa cha Sultani wa Zanzibar, kiliachiwa Wajerumani baada ya wao kulegeza madai yao kwenye eneo la njia kati ya Ziwa Nyasa na Tanganyika. Kisiwa kilibadilishwa kwa njia. Inawezekana London iliona imepata zaidi, na kwa miaka ishirini na mitano hesabu hiyo ilionekana sawa. Kisha ikaja vita, na manowari ya Kijerumani Königsberg ikajificha kwenye delta ya Rufiji, mahali ambapo meli kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakaitumia kama kituo cha ndege za kuitafuta na kuielekezea mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaisha. Delta ya Rufiji na Mafia ni majirani wa kutazamana. Kisiwa ambacho Uingereza ilikiacha kwa urahisi mezani, ilibidi ikirudie kwa majeshi. Waliokuwa wakichora mipaka ya maziwa katika miaka ya 1890 hawakuweza kuyaona hayo mapema, lakini walikuwa na silika iliyowaambia kwamba kisiwa cha jirani ni bunduki ambayo haijajazwa risasi bado.

Nimekuwa nikisema juu ya vita, lakini kwa Kilwa jambo lililokuja kuwa zito ni maji yenyewe, na hapa inabidi tukae kidogo. Mpaka wa nchi kavu hugawa ardhi na kuishia hapo. Kisiwa huvuta maji. Mstari ulipokunjwa kwa ajili ya Kilwa, haukuipa Uingereza miamba na mashamba ya muhogo tu, bali maji yote yaliyo kati ya mstari ulionyooka na mstari uliokunjwa, upande wa kusini wa ziwa, jirani na mdomo wa Luapula. Mwaka 1894 hakuna aliyeyahesabu maji hayo kuwa mali. Wenyeji waliyahesabu: katika nchi ya Kazembe kila rasi na kila bwawa la kuvulia lilikuwa na mwenye kulilinda, na haki za uvuvi zilirithiwa na kulipiwa kodi. Wakoloni walikuja kulielewa hilo kwa njia ya njaa ya mji. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka Rhodesia ikafika Elisabethville mwaka 1910, na mji uliokuja kuitwa Lubumbashi ukajaa wafanyakazi wa migodi waliohitaji kitoweo. Kitoweo hicho kilikuwa samaki wa Luapula na Mweru. Kasenga ikawa soko, wafanyabiashara Wagiriki wakaleta mashua, barafu na malori, na samaki waliovuliwa upande wa Kiingereza wakauzwa kwa wingi upande wa Kibelgiji kwa sababu ndiko kulikokuwa na wanunuzi. Mpumbu, samaki waliopanda mto kwa makundi msimu wa mvua kwenda kutaga, walivuliwa mpaka wakaisha kabisa kama biashara katikati ya karne ya 20. Hapo sasa swali la nani anatunga sheria ya wavu juu ya maji ya Kilwa halikuwa tena swali la ramani. Lilikuwa swali la chakula cha Elisabethville.

Sheria mbili juu ya maji mamoja zilifanya kazi nyingine pia, ambayo mkataba haukuikusudia. Watu wa Luapula walijifunza haraka kuutumia mpaka. Aliyechoshwa na kazi ya lazima au kodi upande wa Kongo alihamia kwa Mwingereza. Aliyetaka bei nzuri ya samaki alivuka kwenda kwa Mbelgiji. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne ya 20, utawala wa Kiingereza ulipowahamisha watu kutoka kingo za Luapula kwa hofu ya malale, amri hiyo ilikuwa na nguvu upande mmoja tu wa mto. Mwaka 1897 Chiwala, mfanyabiashara mwenye boma lake Luapula, alishambuliwa na askari wa Leopold. Afisa wao, Clément Brasseur, alikufa katika mashambulizi hayo, na Chiwala akavuka kwenda upande wa Kiingereza, ambako watu wake walikuja kukaa karibu na Ndola. Kisiwa kilicho cha dola nyingine, karibu na ufuko wako, ni mlango wa kutorokea uliofunguliwa daima. Kwa mwenye kisiwa hilo halikuwa hasara. Kila mtu aliyevuka alikuwa mlipa kodi wake mpya.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo linatoka Ziwa Nyasa. Visiwa vya Likoma na Chizumulu viko jirani na pwani ya Msumbiji, lakini ni vya Malawi. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, shirika lilelile lililokuwa na kanisa lake kuu Zanzibar, walifanya Likoma makao yao katika miaka ya 1880, na mwaka 1903 wakaanza kujenga kanisa kubwa la mawe ambalo bado limesimama. Mkataba wa Uingereza na Ureno wa mwaka 1891 uliweka mpaka kwenye ufuko wa mashariki, hivyo ziwa zima katika sehemu hiyo likawa la Mwingereza. Mwaka 1954 mpaka ulisogezwa hadi katikati ya ziwa, Ureno ikapata nusu yake ya maji, lakini visiwa viwili vikabaki vya Nyasaland, vimezungukwa na maji ya Msumbiji. Tazama jinsi jambo hili linavyoipinga hoja yangu: Uingereza iliachia maji ikabaki na visiwa. Kama visiwa vilishikwa kwa ajili ya maji, hapa mantiki imegeuka juu chini.

Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu. Linaonyesha kwamba sababu ya kuchukua kisiwa na sababu ya kubaki nacho si lazima ziwe moja. Mwaka 1891 Ureno ilikuwa mpinzani wa kweli, na ziwa lote pamoja na visiwa lilikuwa njia ya kumzuia asiweke chombo majini. Kufikia 1954 Ureno ilikuwa mshirika wa Uingereza ndani ya NATO, na hofu hiyo ilikuwa imekufa. Kilichobaki Likoma kilikuwa watu: shule, hospitali, kanisa, vizazi viwili vya wanafunzi waliojua Kiingereza na Kichewa, waliokuwa na jamaa Nkhotakota na Blantyre. Maji yangeweza kukabidhiwa kwa saini. Watu hawakuweza kukabidhiwa bila kelele. Kwa hiyo Likoma haivunji hoja ya kunyima, bali inaongeza hatua ya pili baada yake. Kisiwa hushikwa ili mwingine asikishike, kisha kadiri miaka inavyopita kinajaa maisha, na maisha hayo yanakuwa sababu mpya inayosimama yenyewe. Wanaozungumzia Kilwa leo kana kwamba ni suala la Plunkett na van Eetvelde tu wanasahau hatua hii. Watu wa kisiwani ni Wazambia sasa, wana wapiga kura, wana shule, na hakuna makosa ya mwaka 1894 yanayoweza kuwarudisha kuwa jambo la ramani.

Hatua hiyo ya pili ndiyo inayoeleza pia kwa nini visiwa vidogo hudumu kuliko mambo makubwa yaliyoandikwa pamoja navyo. Mkataba wa 1894 ulikuwa na ibara nyingine ambazo wakati ule zilikuwa kubwa kuliko Kilwa mara elfu. Uingereza ilimkodisha Leopold Lado, nchi ya Naili ya juu. Leopold naye aliikodisha Uingereza ukanda wa kilomita 25 kutoka kaskazini mwa Tanganyika hadi Ziwa Albert Edward, ndoto ya njia ya Rasi hadi Kairo. Ujerumani ilipinga mara moja, na ibara ya ukanda ikafutwa Juni mwaka huohuo, kabla haijafikisha miezi miwili. Lado ilirudi Sudan mwaka 1910, baada ya Leopold kufa Desemba 1909. Vitu vikubwa vilivuta maadui wakubwa, vikaanguka. Kilwa hakikumvuta mtu. Hakuna Berlin wala Paris iliyokuwa na sababu ya kupiga kelele juu ya kisiwa cha wavuvi, hakukuwa na gharama ya kukishika, na kila mwaka uliopita bila ubishi uliongeza haki ya mwenyewe. Julai 1964, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Kairo na kuamua kwamba mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru iheshimiwe, Kilwa kilikuwa na miaka sabini mikononi mwa utawala wa upande wa mashariki. Miezi mitatu baadaye Zambia ikapata uhuru, na kisiwa pamoja nayo.

Bahari ya Hindi inaonyesha tabia hiyohiyo kwa ukubwa zaidi, na inaonyesha kwamba haikuishia enzi za mashindano ya Ulaya. Tarehe 1 Aprili 1960, karibu miezi mitatu kabla ya uhuru wa Madagaska wa tarehe 26 Juni, Ufaransa ilitoa amri iliyotenga Juan de Nova, Europa, Glorieuses na Bassas da India kutoka utawala wa Madagaska. Visiwa hivyo havikuwa na wakazi wa kudumu. Baadhi vilikuwa na vituo vya hali ya hewa na viwanja vya ndege. Novemba 1965 Uingereza ilifanya vivyo hivyo na Chagos kabla ya uhuru wa Morisi, ikachukua pamoja nayo Aldabra, Farquhar na Desroches ambavyo ilivirudisha kwa Shelisheli mwaka 1976. Baada ya mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 kutambua eneo la uchumi la maili 200, visiwa vya Ufaransa katika Mfereji wa Msumbiji vilipata ghafla thamani ambayo hakuna aliyeitaja hadharani mwaka 1960. Wapo wanaosema hii inathibitisha kwamba Ufaransa ilijua tangu mwanzo. Mimi naona inathibitisha jambo jingine: mwenye kisiwa hahitaji kujua kitamfaa nini. Anahitaji tu kukishika mpaka sababu ije. Umoja wa Mataifa uliupinga utengano uliofanywa na Ufaransa katika azimio la Desemba 1979, na mahakama ya kimataifa ikatoa maoni dhidi ya Uingereza juu ya Chagos Februari 2019, lakini visiwa hivyo vya karibu na Madagaska bado viko mikononi mwa aliyevitenga.

Turudi Mweru tumalizie palipobaki. Mwaka 1989 Zaire na Zambia zilifikia mkataba mpya wa kufafanua mpaka wao kutoka Tanganyika hadi Luapula. Hata hivyo mwaka 2020 askari wa Zambia na wa Kongo walijikuta wakikabiliana katika eneo kati ya maziwa mawili, upande wa Moba na Pweto, na SADC ikaingilia kati. Mgogoro ule ulikuwa juu ya mstari wa nchi kavu, ule ulionyooka kutoka Akalunga, ambao kwenye karatasi ulionekana rahisi kuliko wote. Haukuwa juu ya Kilwa. Kisiwa chenye mpaka uliopindishwa kwa makusudi kimeleta utulivu kuliko mstari ulionyooka, kwa sababu kisiwa hakihitaji alama za saruji kuonyesha kinapoishia.

Kilichobaki bila utulivu ni uvuvi. Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wanapotaga, na amri hiyo inafika hadi Kilwa kisiwani na maji yake, jirani kabisa na nyavu za Kilwa mjini. Samaki wa Mweru hutaga katika vinamasi na mito ya pande zote mbili, na mpumbu walipoisha waliisha kwa pande zote mbili pamoja. Serikali ya Kinshasa na wakuu wa Haut-Katanga hawana cha kudai juu ya kisiwa, na wala hawana haja. Wana jambo la kudai juu ya kalenda: kwamba kufunga na kufungua kuanze siku moja na kusimamiwe kwa nguvu moja Nchelenge, Kasenga, Pweto na pande zote mbili za maji ya Kilwa, na kwamba wavuvi wa mji wa Kilwa wawepo wakati siku hizo zinapopangwa.